Thelathini na Moja

Ameileta ndani ya taulo la jikoni,
lenye miraba ya buluu na doa la mchuzi wa kabichi.
Bwana Eckart Vollrath, fundi bomba mstaafu,
ameshuka leo kutoka misitu ya Thuringia.
Anaiweka mezani kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.
"Ya babu," anasema. "Namba zote zinalingana."

Wote husema hivyo.

Nasogeza pazia. Theluji ya Erfurt inanisaidia,
mwanga wake hauna upendeleo.
Navaa kioo jichoni, na sasa dunia nzima
ni upana wa senti.

Mwaka kwanza, juu ya chemba: 1917.
Kisha tumbo la mtutu: 5847,
na chini yake herufi ndogo ya mwandiko, mkia umepinda.
Kisha mataji matatu, kila taji juu ya herufi,
kila herufi mkaguzi, kila mkaguzi mtu
aliyeamka alfajiri, akanywa kahawa ya shayiri,
akagonga nyundo mara moja: inafaa.

Muhuri wa kweli una ukungu.
Chuma kikigongwa baada ya kutiwa rangi,
rangi hukimbia pembeni, ikaacha weupe
kama pete ya mwezi usiku wa baridi.
Mghushi huisahau pete hiyo.
Hupiga msasa, hugonga, hupaka upya,
kipya kinyemi,
na ile nne yake huwa nzuri mno, imenyooka,
nne ya mtu ambaye hajawahi kuchoka.

Nimezishika za namna hiyo mia na kitu.
Moja ililetwa na mjane, akalia.
Nyingine na kijana wa saa ya dhahabu, akanitukana.
Njia ya mwongo ni fupi,
ila siku hizi ameitia lami.

Hii siyo. Hii inapumua.
Pete ipo. Nne imechoka.
Kifyatuo: 47.
Kiungo cha nyuma: 47.
Ndoano ya kutolea maganda, nyembamba kama ukucha wa mtoto: 47.
Natamka kwa sauti, na Vollrath anaitikia kwa kichwa
kana kwamba tuko kanisani.

Bamba la ubavuni: 31.

Nageuza taa. Nasugua kwa kitambaa na tone la mafuta.
31. Taji lipo, pete ipo. Si la kughushi.
Ni la kweli, ila si la hapa.

"Nusu ya bei?"
"Nusu. Huenda pungufu."
Ananyamaza. Kisha, akitazama viatu vyake:
kuna fundi kule Zella, anazo chapa za zamani,
kufuta thelathini na moja ni kazi ya mchana mmoja.
Simjibu. Bamba bado liko kiganjani mwangu,
linaanza kupata joto.

Nadhani ilikuwa usiku. Nadhani handakini,
watu wawili, blanketi moja, kipande cha mshumaa,
wanasafisha bastola zao upesi upesi.
Kisha kishindo, na mikono ikaokota gizani
kilicho karibu.
Asubuhi kila mmoja akawa na ubavu wa mwenzake.
Hawakugundua. Au waligundua,
wakaambiana: kesho tutabadilishana.

Sina ushahidi. Mimi ni mkaguzi, si mpiga ramli.
Pengine ni karani wa bohari tu, na sanduku la vipuri.

"Babu yako," namuuliza, "alikuwa na rafiki huko?"
Vollrath anafikiri mpaka jiko linazima.
"Hakuwa msemaji. Alisema tu kwamba ana deni.
Bibi alidhani ni la bia."

Naandika cheti kwa wino:
Bamba la ubavuni, 31. La asili. Lisiguswe.
Anasoma mara mbili, analikunja,
anaifunga bastola katika taulo lake la miraba.

Mlangoni anageuka.
Zilizoishia na thelathini na moja, anauliza, ni ngapi?
Moja katika kila mia, namwambia.
Anavaa kofia yake, na naona midomo yake
inaanza kuhesabu.